Sanamu ya maana Mji Mkongwe? Ipo Mkunazini

Ndugu uliyeuliza kama Mji Mkongwe wa Zanzibar una sanamu yoyote ya maana: ipo, tena nzito. Ukitoka Darajani sokoni, nenda Mkunazini hadi kanisa kuu la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873. Nje kuna shimo, na ndani yake watu watano wa kuchongwa, mnyororo shingoni. Unawatazama kutokea juu, na mnyororo wenyewe ni wa kweli, wa enzi zile. Kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, 1998. Wengine hupiga picha hapo huku wanacheka, mie huniudhi. Kuingia unalipa. Usipotaka kulipa, mnara wa Mapinduzi uko Michenzani, unauona hata ukiwa ndani ya daladala.