Mwanangu, isome hati kabla hujaipenda nyumba

Mwanangu,

Umeniuliza kama ile nyumba ya Casuarina, huko Malindi, inafaa kununuliwa, maana muuzaji kakwambia aliinunua kwa Mtaliano mwaka 2012 na hati anayo mkononi. Kuwa nayo mkononi si hoja. Tazama mauzo yaliyoandikwa ndani yake.

Hati nyingi za zamani za Malindi zina nambari ya C.R., yaani zimesajiliwa Mombasa. Mtume wakili wako mwenyewe akafanye sachi, yaani akapekue rekodi za hati kwenye ofisi ya ardhi. Sachi aliyokuletea muuzaji irudishe hata kama ni ya juzi, kwani rehani au zuio huweza kuingizwa siku inayofuata.

Kwenye orodha ya mauzo utaona tarehe, jina la aliyehamishiwa na, mara nyingi, bei. Anza na mstari wa mwisho, urudi nyuma. Aliyenunua kwenye uhamisho mmoja ndiye awe aliyeuza kwenye ule uliofuata kwa tarehe. Mnyororo ukikatika, mara nyingi mwenyewe alifariki na mirathi haikukamilishwa. Warithi hawawezi kukuuzia mpaka mahakama iwathibitishe. Ukiona rehani, tafuta mstari unaoifuta. Barua ya benki ya kusema deni limelipwa haitoshi.

Sasa huyo Mtaliano. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, asiye raia hana umilikaji wa kudumu. Anaweza tu kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kama alikuwa na ardhi ya kudumu tarehe 27 Agosti 2010, siku hiyo iligeuka kuwa ya kukodi, miaka 99. Kwa hiyo mwaka 2012 hakuwa na cha kuuza zaidi ya muda huo, unaoisha 2109, hata kama karatasi bado inasema ya kudumu. Kama iliandikwa kwa jina la kampuni, uliza wenye hisa: kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Bei anayotaka ni ya ardhi ya kudumu au ya kukodi? Hapo ndipo pa kubishania.

Halafu atakuomba muandike bei ndogo. Wengi huingia hapo kwa furaha. Tuseme mnakubaliana milioni 8, mnaandika milioni 5. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, basi umeokoa shilingi 120,000, ikiwa mthamini wa serikali hataipandisha. Ukija kuuza kwa milioni 9, faida yako kwenye karatasi ni milioni 4 badala ya 1. Kodi ya faida ni asilimia 15: 600,000 mahali pa 150,000, kabla ya kutoa gharama. Hapo 450,000 zimekwenda.

Hati inasema habari za kiwanja, si za nyumba. Ramani iliyopitishwa na deni la ada za ardhi viulize kaunti ya Kilifi, na mpima akague bikoni, zile alama za mipaka, kama ukuta uko ndani. Muuzaji akiwa na mke, ridhaa yake iwe ya maandishi. Na usione haya kuuliza swali la kipwani: anauza nyumba na kiwanja, au nyumba bila ardhi? Vitongoji vya zamani vimejaa nyumba ambazo ardhi yake ni ya mtu mwingine anayelipwa ijara.

Kabla hujatoa arbuni, nipigie picha ukurasa wa mauzo unitumie.

Mamako