Kutoka ulingoni kwenda kwenye filamu: jibu kwa mdogo wetu wa Moshi anayecheza mieleka

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama mtu wa mieleka ya maonyesho anaweza kweli kuwa muigizaji hapa kwetu, kama ni lazima uhamie Dar, na kama unaweza kupiga filamu yako mwenyewe hukohuko Moshi. Nitakujibu kwa niliyopitia. Nilianzia ngumi za kulipwa Arusha, nikaingia kikundi cha mieleka, halafu nikawa jambazi wa pembeni kwenye filamu za watu kwa miaka kadhaa kabla sijaanza kupiga zangu.

Ngumi hazikunisaidia kitu mbele ya kamera. Kilichonisaidia ni mieleka. Bondia anafundishwa kuficha maumivu. Ukipigwa ya ini unatabasamu, unarudi kona kwa miguu yako kama huna neno, maana mwenzako akijua umeumia ndiyo basi tena. Mwongozaji hana kazi na mtu wa namna hiyo. Ngumi ya kwenye filamu haimgusi mtu. Inapita mbele ya uso, kamera ikiwa nyuma ya bega la mmoja wenu ili ile nafasi kati ya ngumi na shavu isionekane, na mlio unawekwa baadaye wakati wa kuhariri. Kwa hiyo anayeifanya ngumi iaminike ni yule anayepigwa: shingo inavyogeuka, pumzi inavyokatika, goti linavyolegea kwa kuchelewa kidogo.

Wewe hayo unayo tayari. Sisi tulikuwa tunazunguka Ngaramtoni, Usa River, Boma Ng'ombe mpaka Himo siku za sikukuu. Ulingo wetu ulikuwa fremu ya vyuma aliyotuchomelea fundi wa Unga Limited, juu mbao, juu yake sponji nyembamba na turubai. Kwenye mbao zile ukianguka hovyo unavunjika shingo. Unakunja kidevu kifuani, unapokea kwa mgongo wa juu wote kwa mpigo mmoja, unapiga turubai kwa viganja ili hata mama aliyesimama nyuma kabisa na beseni lake la ndizi asikie kishindo. Halafu huamki haraka. Unawaacha watu wasubiri. Watoto walikuwa wanalia kabisa, na wazee wanatutukana kwa kumwonea mwenzetu ambaye nusu saa iliyopita tulikuwa tunakula naye mtori.

Sasa upande wa pili, maana hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Ulingoni unacheza kwa ajili ya mtu wa nyuma. Kila kitu kikubwa: macho, mikono, sauti. Kamera inasimama hatua mbili kutoka kwako, na ukileta yale ya Himo pale utachekwa. Mwongozaji mmoja wa maigizo ya jukwaani Arusha alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniambia nimeletewa habari ya msiba wa mdogo wangu na hairuhusiwi kusimama wala kushika kichwa. Nilihangaika sana. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kufanya kitu. Alinirudisha kwenye kile kiti wiki baada ya wiki mpaka nikaweza kukaa tu na kusikiliza. Siku hizi zoezi hilo unalifanya na simu yako: iegemeze kwenye kikombe, kaa karibu, sema maneno mawili matatu, kisha jitazame bila kujihurumia.

Mtazame Dave Bautista, mwanamieleka wa Marekani. Aliondoka WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya maonyesho ya kule, mwaka 2010, na ilimchukua hadi 2014 kupata nafasi iliyomtoa kweli, ile ya filamu ya Guardians of the Galaxy. Katikati alikuwa anajifunza na mwalimu wa uigizaji na kwenda kwenye usaili kama mtu mwingine yeyote. Lakini mimi nakushauri uangalie zile dakika chache za mwanzo za filamu ya Blade Runner 2049, ya mwaka 2017. Jitu zima lile limevaa miwani midogo, linaongea kwa sauti ya chini, na kabla hajamgusa mtu umeshamwonea huruma. Watu wanapenda kumtaja The Rock, yaani Dwayne Johnson, naye wa WWE, sawa, ila The Rock alikuwa na ulimi wa kuuza maneno tangu akiwa ulingoni, na kipaji hicho hakifundishiki kirahisi. Njia ya Bautista inafuatika.

Kuhusu kazi za watu: utaitwa kwa sababu ya kifua. Utakuwa baunsa, jambazi, mlinzi wa tajiri, mume mkorofi asiye na maneno. Chukua, maana pale ndipo unapojifunza seti inavyokwenda, nani anaamua nini, kwa nini mnapiga mwisho kabla ya mwanzo. Ila ulizia mambo mawili kabla hujapanda gari. La kwanza, unaangukia wapi. Ulingo una mbao zinazonesa. Sakafu ya saruji hainesi. Na filamu hairidhiki na mara moja, kuanguka kule utakurudia mpaka mwanga ukae sawa, mpaka bodaboda ipite, mpaka mwenzako akumbuke maneno yake. Dai godoro nje ya picha na dai kwamba shoti ya mbali ipigwe mapema ukiwa bado hujachoka. La pili, ukiumia nani analipa hospitali, na liandikwe. Prodyuza mmoja aliniahidi kwa mdomo. Bega langu la kushoto mpaka leo linajua baridi ya Julai imefika kabla ya watu wengine wa Arusha.

Filamu yako mwenyewe ndiyo sehemu ninayoipenda. Kuna mwanamieleka wa Mexico aliyeitwa El Santo, hakuvua kinyago chake hadharani karibu maisha yake yote. Alianza filamu mwaka 1958, mbili za kwanza zikapigwa Cuba, na mpaka anastaafu alikuwa amecheza zaidi ya 50. Nyingi zilikuwa za bei rahisi na za harakaharaka, hadithi zenyewe vituko vitupu, mara anapigana na wanyonya damu, mara na wanasayansi wendawazimu. Lakini nyingi zilikuwa na pambano la ulingoni ndani yake, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa nacho bure na ndicho watu wake walichokijia. Wewe una nini bure? Una ulingo, una wenzako wanaojua kuanguka bila kuvunjika, una watu wa Himo na Boma Ng'ombe wanaokujua kwa jina la ulingoni. Andika hadithi inayokaa hapo. Sijui kwa nini kila kijana wa Kilimanjaro akipata kamera anataka kuandika habari za jumba la kifahari la Mbezi, Dar.

Fedha yako peleka kwenye sauti. Picha ya simu nzuri ya leo inavumilika, lakini mtazamaji haivumilii sauti iliyojaa upepo na jenereta. Kodi maiki nzuri na umpate mtu wa kuishika ambaye si binamu yako anayechoka mkono. Ndani ya nyumba tundika mablanketi ukutani. Pembezoni mwa Majengo na Pasua pigeni mazungumzo asubuhi sana, kabla ya pikipiki na spika za matangazo kuanza kazi.

Na ukitaka mlima kwenye picha, kumbuka Kibo hamngoji mtu. Alfajiri uko wazi, kufika katikati ya asubuhi umeshajifunika, na jioni unaweza kutoka tena kidogo au usitoke. Ukipiga nusu ya mazungumzo mlima upo na nusu haupo, utahangaika kwenye kuhariri. Sisi tulipanga shoti zote za kutazama kaskazini zipigwe alfajiri, za kutazama kusini baadaye. Masika usijaribu kabisa, labda hadithi yenyewe iwe ya mvua.

Kibali cha kupiga filamu ni cha Bodi ya Filamu Tanzania, na wanataka muswada wa hadithi, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Filamu ikikamilika inakaguliwa na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa. Ukitaka kuingia hifadhini ni habari nyingine, hapo unaongea na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Watu wa Arusha tunapenda kujisifu kwamba John Wayne, muigizaji wa Marekani, alicheza filamu ya Hatari! huku kwetu, ikatoka mwaka 1962, ila sifa hiyo haijawahi kumpunguzia mtu foleni ya kibali.

Dar sasa. Nenda kwa usaili, nenda kuuza, maana wanunuzi wa vipindi wengi wako kule. Kuhamia, hapana, si kwa sasa. Kule utakuwa kifua kimoja kati ya vifua mia na utalipa kodi ya chumba kwa kungoja simu. Anza na filamu fupi ya dakika kumi, mwenyewe ukiwa ndani, pambano moja tu, na mahali pamoja ambapo umekaa na huongei. Ionyeshe kwenye kibanda umiza cha kwenu kwanza, simama nyuma, angalia wanapoanza kutoa simu mfukoni, hapo ndipo pa kukata. Kisha itume ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wanapokea filamu fupi. Mkiwa bado na ulingo wenu msiuuze; mimi natafuta ulingo wa kukodi kwa kazi yangu ijayo, niandikie faragha tuongee bei.