Konzi Moja ya Udongo wa Mvinje

Nilipojitwika kazi ya kupanda miti katika timbo la mawe ya matumbawe lililoachwa nyuma ya shamba letu huku Kilifi, niliotesha miche yangu ya kwanza ya mvinje katika mchanga niliouosha vizuri, nikiamini kwamba usafi ni afya. Miche ilidumaa na kugeuka manjano, ingawa niliinywesha kila jioni. Mzee jirani yangu, aliyewahi kufanya kazi kitaluni, aling'oa mmoja, akaitazama mizizi na kusema, "Mwanangu, mti huu hauna mwenziwe."

Mwenzi huyo ni bakteria aitwaye Frankia, ambaye huingia katika mizizi ya mvinje, hujenga humo vinundu vigumu vilivyoshikana kama tangawizi ndogo, na humo huigeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti. Timbo lililokwanguliwa hadi mwamba halina nitrojeni ya kutosha. Fosforasi, kirutubisho kingine, nayo hushikwa na chokaa, kwa hiyo mti huhitaji pia kuvu, ambao nyuzi zao nyembamba hufika mzizi usikofika.

Anayetaka ushahidi na atembee Bamburi, Mombasa, ambako René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili, mvinje ikiwamo. Hata hivyo, majani yake yaliyopukutika yalirundikana bila kuoza kwa sababu ya tanini, kemikali kali iliyomo ndani yake, mpaka walipoletwa jongoo, ambao waliyatafuna na, kwa msaada wa vijidudu vya matumboni mwao, wakayageuza kuwa mboji. Tangu nilipojua habari hiyo huwastahi jongoo, ingawa mke wangu bado huwafagia.

Basi, chota udongo wa juu chini ya mivinje iliyokomaa yenye afya, pamoja na vijizizi vyenye vinundu, uchanganye konzi moja katika kila ndoo ya udongo wa kitalu. Usichote chini ya miti inayokauka, maana ugonjwa wa kunyauka husafiri na udongo huohuo. Usiuanike juani, wala usimwage urea kitaluni: mche ulioshibishwa nitrojeni hauna haja ya kumkaribisha bakteria mizizini. Samadi kidogo iliyooza inatosha. Kabla ya kuihamisha miche, pasua viriba viwili vitatu uichunguze mizizi. Ikiwa haina vinundu, ngoja.

Miche yangu ya awamu ya pili ilivipata, nikaihamisha masika yalipoanza. Ile ya kwanza, ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa, niliipanda pembeni kwa udongo uleule, ikaanza kurudi kijani kabla ya vuli.