Taulo za kufua, kikombe cha hedhi, na ngozi ya mwanamke wa Pwani

Kama kila ukiingia mwezini unatoka na vipele kinenani na michubuko mapajani, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo wanawake tulivyoumbwa. Damu ya mwezi tumeumbwa nayo. Michubuko inaletwa na tunachokivaa, na tunachokivaa kinabadilishika.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga. Nashona madera, mashuka, sare za shule, na kwa miaka kadhaa sasa nashona pia taulo za hedhi za kufua. Nilianza kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe. Joto la Januari na Februari mnalijua: umekaa kitini kutwa, nguo ya ndani imelowa jasho kabla ya adhuhuri, na umeifunika kwa plastiki. Siku zilipokuwa zinaisha ndipo ngozi inaanza kupona, na ikishapona zinaingia nyingine. Wateja wanaoniuliza habari hizi huniuliza kwa kunong'ona, wakishamaliza kupimwa dera. Naona bora niyaandike waziwazi, maana hakuna la aibu ndani yake.

Chukua pedi ya dukani uichane uitazame. Juu kuna utando mwembamba wenye matundu, na nyingi utando huo ni plastiki. Chini yake kuna pamba ya kutengenezwa kwa miti, na ndani yake chembechembe zinazogeuka uteute zikilowa. Mwisho kuna plastiki nyingine na gundi. Baadhi zimetiwa manukato. Wanawake wengi wanazivaa maisha yao yote wasipate shida, na wewe kama hazikusumbui huna haja ya kuziacha. Lakini ngozi inayotoka jasho, ikizibwa hewa na kusuguliwa kutwa, huchubuka. Yale manukato nayo huwasha baadhi yetu vibaya sana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama, na nautoa ingawa nauza taulo zangu: acha kwanza pedi zenye harufu. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Vaa chupi ya pamba, si nailoni. Usijioshe kwa sabuni ndani ya uke wala usitie dawa yoyote ya kienyeji huko, uke unajisafisha wenyewe. Udi na asumini tuviache kwenye nguo na nywele, ndiko vinakopendeza. Wapo walioniambia muwasho uliisha kwa hayo tu, na hawakuhitaji kununua kitu kingine.

Na zile meseji zinazozunguka kwenye simu kwamba pedi zinaleta saratani ya kizazi, tafadhali msizisambaze. Saratani ya shingo ya kizazi karibu yote husababishwa na kirusi cha HPV, na chanjo yake inatolewa nchini kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwenye binti wa umri huo ampeleke. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walipima tamponi, vile vipamba vinavyoingizwa ukeni kufyonza damu, wakakuta ndani yake madini kama risasi na aseniki. Hilo ni kweli, ila utafiti ule haukuonyesha kwamba madini hayo yanaingia mwilini. Hofu iliyo kubwa na ya siku nyingi kwenye tamponi ni sumu ya bakteria inayoweza kuua, iliyovuma Marekani mwaka 1980 hadi tamponi za aina moja zikaondolewa sokoni. Ndiyo maana huambiwa isikae zaidi ya saa nane. Hapa Tanga watumiaji wake si wengi, basi niishie hapo.

Sasa vitambaa, ambavyo ndiyo kazi yangu.

Bibi zetu walitumia sodo za vipande vya kanga. Somo yangu aliyenifunda nilipovunja ungo, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kukata kanga kuukuu, kuikunja na kupiga uwinda usiolegea hata ukitwanga. Mengi aliyonifundisha nayafuata hadi leo isipokuwa moja. Alisema, "Mwanangu, kitambaa chako kisionwe na mtu, hata jua lisikione." Tukawa tunaanika uvunguni mwa kitanda au nyuma ya kabati. Kitambaa kisichokauka vizuri huota ukungu na kunuka, na ukikivaa hivyo unajitafutia muwasho uleule uliokuwa unaukimbia. Kitambaa cha hedhi kinataka jua na upepo.

Nikashona taulo inayofunguka. Ikivaliwa imekunjwa mara tatu ndani ya ganda lake; ikifuliwa unaifungua inabaki mstatili kama kitambaa cha mkono. Ukiianika kambani kati ya leso na nguo za watoto hakuna atakayejua ni nini, na kwa kuwa ni nyembamba inakauka upesi. Huwa nashona kwa rangi za kuiva, kahawia au zambarau iliyokolea, ili madoa yasimkere mwenyewe.

Kuhusu kitambaa, kuwa mwangalifu sokoni. Si kila kinachoitwa pamba ni pamba, na kanga nyingi siku hizi zina poliesta ndani yake. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi ikaacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikajikunyata kuwa kijidonge kigumu. Kinachogusa ngozi kiwe pamba, hasa kitambaa cha flana, kile chenye vinyweleo laini. Na flana mpya ifue mara mbili tatu kabla hujaikata, kwanza ili isinyae kabisa, pili kwa sababu ikitoka dukani haifyonzi vizuri. Dondosha tone la maji juu yake: likisimama, bado, likizama papo hapo, kata. Katikati natia tabaka mbili au tatu za taulo kuukuu la kuogea. Chini kabisa, kwa anayeogopa kuchafua nguo, natia kipande cha kitambaa cha mwavuli, lakini mimi mwenyewe mchana navaa bila hicho, nabadilisha mara nyingi zaidi, na hewa inapita. Mwenye damu ya kawaida akiwa na taulo sita hadi nane za mchana na mbili ndefu za usiku, anazungusha bila kubanwa.

Kufua, anza na maji ya baridi. Maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Loweka, kamua hadi maji yatoke meupe, ndipo utie sabuni ya mche. Dawa ya kung'arisha nguo na ile ya kulainisha yenye harufu usitie, zinabaki kwenye kitambaa na baadaye ziko kwenye ngozi yako. Masika ndiyo kazi. Aprili na Mei hapa kwetu unaweza kukaa siku nzima usione jua. Zibane ndani ya taulo kavu la kuogea, ukalie kwa uzito wako, zianike barazani penye upepo, kisha pasi hadi mvuke uishe kutoka. Yenye kitambaa cha mwavuli usiipige pasi ya moto upande huo, itajikunja.

Najua wapo wanaosema kufua damu ni karaha. Lakini tuangalie tunavyoishi. Wengi wetu pedi ya dukani hatuitupi hivihivi, tunaisuuza kwanza hadi damu iishe, wengine kwa usafi, wengine kwa kuogopa isichukuliwe na mwenye nia mbaya. Tayari tunafua, na tunachokifua tunakitupa. Kisha plastiki ile inaingia kwenye shimo la choo, haiozi, na shimo linajaa kabla ya wakati wake.

Kikombe cha hedhi ni kitu kingine kabisa: ni kijikombe laini kinachovaliwa ndani ya uke kikakusanya damu. Kwa mwenye ngozi nyepesi kuchubuka naona ndicho chenye nafuu kuliko vyote, maana nje hakuna kinachosugua. Si kitu cha jana. Mmarekani Leona Chalmers alikisajili mwaka 1937. Vya sasa vingi ni vya silikoni laini ya kiwango cha hospitali, na kimoja hudumu hadi miaka kumi. Hakifyonzi, kinakinga tu. Mwaka 2019 jarida la afya la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zenye washiriki wapatao 3,300. Yalionyesha kwamba kikombe huvuja sawa na pedi au pungufu, hakikuongeza maambukizi, na asilimia 73 hivi ya waliokizoea walitaka kuendelea nacho.

Neno la kushika hapo ni kukizoea. Mwezi wa kwanza vaa na kitambaa chini yake. Nawa mikono, chutama, kunja mdomo wa kikombe, ukisukume kuelekea mgongoni, siyo kuelekea juu. Kikishaingia pitisha kidole kukizunguka uhakikishe kimefunguka chote. Kukitoa, usivute kile kimkia. Bana kitako chake hewa iingie, ndipo ukitoe taratibu kikiwa wima. Mwaga damu, kisuuze kwa maji safi, kirudishe. Kisikae zaidi ya saa kumi na mbili. Hapa sisi watu wa Pwani tuna wepesi wetu: choo chetu ni cha kuchutama, na hatuingii chooni bila kopo la maji. Siku zikianza na zikiisha kichemshe dakika tano katika sufuria yake yenyewe, kisha kiweke kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Kikombe hakiazimwi, hata kwa mtu na dada yake.

Nani asikitumie, au aulize kwanza? Aliyejifungua na bado yuko kwenye arobaini, nifasi haitaki kikombe wala tamponi. Mwenye kitanzi cha uzazi azungumze na mhudumu wa afya kabla, kwa sababu kuvuta kikombe vibaya kunaweza kukitoa kitanzi. Kwa mabinti ambao hawajaolewa na nyumbani jambo la bikira lina uzito, mimi simlazimishi mama yeyote. Taulo za kitambaa zinamtosha binti bila ugomvi. Na ukinunua, kikombe kinachonuka mpira mkali au kinachobadilika umbo kwenye chemsho la kwanza, usikiingize mwilini mwako hata kama umelipia.

Chupi za hedhi, zile zenye tabaka nene zilizoshonewa ndani, ni nzuri kwa siku za mwisho na kwa kulalia. Kwa kutwa nzima kwenye joto letu naziona nzito, na kuzikausha masika ni mtihani.

Kuna jambo moja la kwetu linanipa matumaini. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf, ukapandwa kule Kikogwe, Pangani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kulainisha nyuzi za mkonge zikawa malighafi ya pedi, na zikafyonza zaidi ya malighafi ya pedi zilizomo madukani. Rwanda tayari kuna pedi zinazotengenezwa kwa nyuzi za migomba. Nawaomba wenye viwanda na mashamba ya mkonge mkoani kwetu walifuatilie hili, maana mkonge tunao. Ila mtu asichukue nyuzi mbichi akajitia, mkonge mbichi unawasha.

Bei nayo inatubana. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Fanya hesabu yako: pedi nne kwa siku kwa siku tano ni ishirini kwa mwezi, 240 kwa mwaka, na nyumba yenye mabinti wawili na mama yao ni zaidi ya 700. Unapoweka taulo za kufua kando ya hesabu hiyo, utaona kwa nini baadhi ya wateja wangu huleta waume zao wakalipie.

Yapo mambo ambayo taulo wala kikombe havitatibu. Ukijaza pedi kila saa, damu ikizidi siku saba, ukitoa mabonge makubwa, ukiwa na harufu mbaya au maumivu yanayokulaza, nenda kituo cha afya kilicho karibu, na wakiona inafaa watakuandikia uende Bombo, hospitali ya mkoa wetu. Ukiwa umevaa tamponi au kikombe ukapata homa kali ya ghafla, kutapika, vipele na kizunguzungu, kitoe hapohapo uende hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie ulikuwa umevaa nini.

Kwa mabinti wa bweni, mama mpe mwanao mifuko miwili ya zipu, mmoja wa taulo kavu na mmoja usiopitisha maji wa zilizotumika, na sabuni yake ya mche mbali na ya nguo. Zungumza na matroni mapema kuhusu kamba ya kuanikia. Na taulo mpya mtoto azizoee kwanza nyumbani likizo, asikutane nazo siku ya mtihani.