Umri wa marehemu kwenye mifupa yake: maswali na majibu

Watu husema mifupa "huungana". Inaungana na nini?

Mfupa mrefu wa mtoto, kama wa paja, bado haujawa kipande kimoja. Una shina katikati na vichwa kwenye miisho, na kati yao kuna gegedu, yaani tishu laini ambayo bado si mfupa. Mfupa hurefukia hapo. Ukuaji ukifika mwisho, gegedu hugeuka mfupa na kichwa kikashikamana na shina. Kwenye makaburi ya watoto vichwa hivyo hukutwa vimejitenga, vidogo kama kokoto, na mchimbaji mwenye haraka huviacha mchangani. Udongo wote uchekechwe, tafadhali. Umri wa mtoto umo humo.

Mfupa upi unaaminika zaidi?

Tazama mpangilio wa mifupa yote. Kiwiko hutangulia: mwisho wa chini wa mfupa wa mkono wa juu huungana kati ya miaka 11 na 15 kwa wasichana, 12 na 17 kwa wavulana. Goti, bega na kifundo cha mkono hufuata, wengi wakiwa wamemaliza kufikia miaka 20. Wa mwisho ni mtulinga, upande unaogusa kidari, ambao huenda usikamilike hadi karibu na 30. Kiwiko kilichofunga, goti lililo wazi: huyo ni kijana wa balehe.

Mbona wataalamu hujibu "kati ya 17 na 22"? Hawawezi kutaja umri kamili?

Hawawezi, na wasilazimishwe. Wasichana huwatangulia wavulana kwa takriban miaka miwili, na kabla ya balehe ni vigumu kutambua jinsia kwa kuangalia mifupa. Njaa ya muda mrefu na maradhi huchelewesha. Homoni nazo zina nguvu kubwa. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuitikia estrojeni, homoni inayofanya mifupa iungane. Mifupa yake ilikuwa ya kijana wa miaka 15, na alikuwa bado anarefuka. Sasa fikiria ripoti inayosema "miaka 19" bila nafasi ya kupungua wala kuzidi: jina la aliyepotea akiwa na miaka 21 litafutwa kwenye orodha, na familia yake itaendelea kungoja.

Na mtu mzima je?

Mifupa ikishaungana yote, tunajua tu kwamba alivuka ujana. Hapo tunasoma uchakavu: pale mifupa miwili ya kinena inapokutana, ambapo matuta ya ujanani hulainika na baadaye kumomonyoka, na pia ncha za mbavu karibu na kidari. Makadirio hupanuka hadi miongo. Mishono ya fuvu, yaani mistari ambapo mifupa ya kichwa hukutana, iliaminiwa kwa muda mrefu, ila hutofautiana mno kati ya mtu na mtu; isitegemewe peke yake.

Mtoto mchanga?

Meno. Huathiriwa kidogo na njaa kuliko mifupa.

Vipimo hivi hufaa kwa mifupa ya kale sana?

Kwa binadamu kama sisi, ndiyo, kwa tahadhari. Kwa jamaa zetu wa mbali, hapana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yenye takriban miaka milioni 1.5. Kwa vipimo vya watu wa leo, mifupa yake ilionyesha kijana wa balehe. Mistari ya ukuaji ndani ya meno ilipohesabiwa, ilionyesha miaka kama minane. Watu wa jamii yake walikua haraka kuliko sisi.