Nimeweka RTX 4070 lakini gemu bado linakwama, kadi ni feki?

Swali: Mtaalamu habari, nimetoa kadi ya grafiksi RTX 2060 nikaweka RTX 4070 ya mtumba, prosesa Ryzen 5 3600, monita 1080p ya Hz 144. Fremu zimeongezeka kiduchu tu na bado linakwama kwama. Nimepigwa?

Jibu: Salama mkuu, usiirudishe kwanza. Ufeki unaujua haraka, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, 4070 halisi inasoma shaders (kori za kadi) 5888, memori GB 12, basi ya biti 192. Halafu piga 3DMark Time Spy, jaribio la kupima nguvu za kompyuta, alama za grafiksi ziwe kwenye 17,000 na kitu hivi, soma za grafiksi peke yake maana zile za jumla zimechanganywa na prosesa.

Ila mi naona shida ipo kwa prosesa. Hiyo 3600 ni ya 2019, na kila fremu lazima ipite kwake ndo kadi ianze kuchora, sasa kwa 1080p kadi inamaliza chap inakaa kusubiri. Washa programu ya MSI Afterburner namba zionekane ukiwa unacheza, matumizi ya kadi yakigonga asilimia 95 kwenda juu basi kadi ndo imefika mwisho wake, yakiwa 55 au 60 hata ungeweka 4090 fremu zingebaki palepale. Asilimia ya jumla ya prosesa usiiamini, inaweza kusoma 40 wakati kori moja imejaa kabisa.

Kuhakikisha, ingia setingi za Nvidia washa DLDSR ya 1.78x (inachora picha kubwa kisha inaipunguza itoshe monita), halafu chagua 2560x1440 ndani ya gemu, litachorwa kwa 1440p kwenye monita hiyohiyo, fremu zisiposhuka ujue kadi ilikuwa na nguvu imekaa bure. Na ukipima zima frame generation, yaani kadi kujitungia fremu za ziada, inapandisha namba bila prosesa kupata nafuu yoyote.

Huko kukwama angalia 1% low, yaani kasi ya zile fremu mbaya zaidi, sio wastani, wastani 110 na 1% low 35 lazima uone linashtuka. Hapo kagua ramu, ziwe mbili na XMP, setingi ya kuzipa kasi yake kamili, iwe imewashwa, wengi wananunua za kasi ya 3200 zinakimbia 2133 miaka yote bila kujua, inauma kweli.

Ramu zikiwa sawa na bado, tafuta prosesa ya Ryzen 7 5700X3D, inaingia soketi hiyohiyo ya AM4, ila cheki bodi yako inaikubali na uapdeti BIOS, programu ya ndani ya bodi, kabla hujaitoa 3600.