Kuzoesha injini mpya ya gari la kasi

Ndugu, umeuliza kama gari lako jipya la turbo uliendeshe kwa upole mwanzo mwisho hadi litimize kilomita 2,000, au ulikanyage tangu siku ya kwanza. Mimi nasema usifanye lolote kati ya hayo. Ringi za pistoni (pete za chuma zinazozuia gesi isivuje pembeni ya pistoni) hukaa sawasawa kwenye kuta za silinda kwa msukumo wa gesi inayowaka, hivyo injini inayobembelezwa mno nayo haizoei vizuri.

Subiri oili ipate moto (si maji tu, oili huchelewa), kisha kanyaga kwa wastani, panda hadi mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, achia mafuta gari lipunguze mwendo kwa gia, rudia. Epuka kwenda saa nzima kwa mwendo mmoja. Kukandamiza mafuta hadi chini na kuondoka kwa kishindo, bado kwanza. Kitabu cha gari kikitaja kikomo kingine, fuata hicho.

Magari ya BMW M (yale ya kasi ya BMW), kwa mfano, hurudishwa gereji karibu na kilomita 2,000 kubadilishwa oili ya injini na ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Usiiruke hatua kama hiyo. Chembe za chuma za mwanzo huogelea kwenye oili hiyo. Halafu matairi mapya huteleza, na breki hazijakolea, kwa hiyo kona kali zisubiri.